Kapu Lililofunuliwa Mara Kumi na Saba

Nchi ninayotaka kukusimulia usiitafute kwenye ramani. Nimeapa kutoitaja jina, na kwa kuapa huko nililipwa posho. Inatosha ujue kwamba ilikuwa nchi njema, yenye viongozi waliotuwazia mchana kutwa, na mimi nilikuwa karani wake, daraja la nne, katika Wizara ya Mambo Madogo ya Nyumbani. Ukimsikia mtu anasema serikali yetu ilikuwa na kasoro, mwulize kama yeye amewahi kuwa serikali.

Mwaka ule hazina ya taifa ilikutwa tupu. Waliotumwa kuchungulia walirudi wakasema kweli ni tupu, wakatumwa wengine kuhakikisha, na hao nao wakaomba posho ya kuchungulia. Baraza la mawaziri likajifungia siku tisa katika hoteli ya ufukweni kumtafuta aliyeimaliza, na likampata. Ni mama wa nyumbani. Anapikia moto mkubwa, anamwaga maji aliyooshea vyombo, anatupa vipande vya sabuni.

"Tumekwisha," alisema Waziri wetu, Mheshimiwa Shangwe Mabawa, akijifuta jasho kwa leso ya hariri iliyotoka ng'ambo. "Nchi inavujia jikoni."

Ndipo ikatangazwa Kampeni ya Taifa ya Kubana Matumizi Nyumbani. Sitaki kujisifu, lakini waraka wa kwanza niliupiga chapa mimi. Ulihusu kutopoteza karatasi, ulikuwa na kurasa mia nne na kumi, na kila kaya ilipewa nakala tatu. Wa pili ulihusu kuzima taa zisizo na kazi. Mheshimiwa aliuzindua kwenye uwanja wa mpira, saa saba mchana, chini ya taa zote za uwanja, ili wananchi wazione vizuri taa ambazo hawatakiwi kuziwasha.

Wa tatu ulikuwa wa sabuni. Mwananchi hakuruhusiwa tena kubandika kipande kilichobaki kwenye mche mpya kwa mikono yake, kama mama zetu walivyofanya tangu sabuni iingie nchini. Alitakiwa avipeleke vyote viwili wilayani, kwa Mbandikaji Aliyethibitishwa, pamoja na picha mbili za pasipoti. Watu walipanda mabasi mawili kwenda kubandikiwa sabuni. Walirudi wamejaa vumbi la safari, sabuni ikapata kazi ya kufanya, na Wizara ikaandika kwamba waraka umefanikiwa.

*

Sasa, katika mtaa mmoja wa mji mkuu aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani, mbangua korosho kiwandani. Aliishi na mama yake, Bibi Tunu, bi kizee wa miaka themanini na ushei aliyejaliwa kila kitu isipokuwa meno. Wali Bibi Tunu alisema unamkwama. Ugali alisema unamchosha. Uji hakutaka hata kuuona, kwa sababu uji ni wa wagonjwa na yeye haumwi. Alichokula ni maharage, mara moja kwa siku, saa sita mchana, na sharti yawe yamelainika mpaka yajipondee yenyewe mdomoni.

Sikudhani alitoka alfajiri, akarudi saa tisa alasiri. Basi alifanya alichofundishwa na mama huyo huyo, enzi hizo ana meno. Maharage ameshayaloweka tangu jana. Alfajiri anayachemsha kwenye jiko la mkaa dakika ishirini tu. Yakiwa yanatokota anafunika sufuria kwa kifuniko kizito, anaitumbukiza kwenye kapu kubwa la ukindu lililojaa blanketi kuukuu na magunia, anaweka mto juu, basi. Mkaa uliobaki anauchemshia maji ya kuoga, kisha anauzima kwa majivu autumie kesho. Anaondoka. Maharage yanabaki mle kapuni yanajipika kwa joto lao wenyewe. Saa sita Bibi Tunu anaondoa mto, anapakua, anakula, anamshukuru Mungu. Gunia moja la mkaa liliwatosha miezi mitano.

Siri ya kapu ilikuwa moja tu, na kila mwanamke wa mtaa ule aliijua: usifunue. Ukifunua kabla ya saa yake joto linatoka, likitoka halirudi, na maharage yanabaki mawe.

Wakaguzi wetu wa mkaa walipopita wakakuta gunia la Sikudhani lingali nusu baada ya miezi miwili na nusu, walimshuku kwamba anaiba moto mahali. Wakapekua chini ya kitanda. Hatimaye wakaonyeshwa kapu, na taarifa ikapanda ngazi, afisa kwa afisa, mpaka ikamfikia Waziri, naye akapiga meza kwa furaha. Sikudhani akatangazwa Mfano wa Taifa. Mlangoni kwake pakasimikwa bango la bati lenye picha ya Waziri akilitazama kapu. Bati lile lingetosha kuezeka nyumba yake na ya jirani, maana zote mbili zilikuwa zinavuja.

*

Mfano wa Taifa hauachwi hivi hivi. Kesho yake, Sikudhani akiwa kazini, alikuja mjumbe wa mtaa kuhakikisha kwamba akiba inaendelea. Akaondoa mto, akafunua sufuria, akachungulia, akaandika: "Inaendelea." Nusu saa baadaye akaja mtendaji wa kata kuhakikisha kwamba mjumbe alihakikisha. Naye akafunua. Akaja bwana afya. Akaja afisa mazingira na kipimajoto, akakitia kwenye maharage, akasema joto linapungua, jambo la kusikitisha sana, kisha akarudi baada ya dakika kumi kuona kama bado linapungua.

Bibi Tunu alikaa kwenye mkeka wake akiwatazama. "Wanangu," akawauliza, "kwani huko kwenu hakuna maharage?"

"Bibi, tupo kazini," walimjibu kwa adabu. Tulikuwa tumefundishwa adabu kwa wazee katika semina ya siku tano.

Saa sita alipopakua, maharage yaligonga sahani kama kokoto. Akanywa mchuzi, akalala. Siku ya pili akanywa mchuzi. Siku ya tatu akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akainuka kumtafutia bwana afya jembe, lakini jembe lilikuwa limeazimwa na kamati ya maonyesho ya kilimo. Sikudhani alipokuwa akirudi saa tisa ilimbidi akoke moto upya na apike upya, na mama yake kwa saa hiyo alishachoka kiasi kwamba alionja kidogo akasukuma bakuli. Mkaa ukaanza kushuka kwa kasi. Wizara ililiona hilo upesi. "Matumizi ya mkaa kwa Mfano wa Taifa yamepanda," nilipiga chapa kwa vidole vyangu mwenyewe, "hivyo inapendekezwa wakaguzi waongezwe."

Baada ya wiki tatu kanga ya Bibi Tunu ilikuwa inamzunguka mara mbili na kubaki. Sikudhani akaomba ruhusa kiwandani, akaja Wizarani. Mimi ndiye niliyembebea faili mpaka ndani.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba, mama! Mfano wetu! Keti, keti." Hapakuwa na kiti.

"Mheshimiwa, nina ombi moja tu. Naomba wasifunue kapu. Mama yangu hali. Atanifia."

Waziri akacheka kwa upendo. "Mama, akiba isiyoonekana ni akiba gani? Serikali isiyofunua itajuaje kilichomo?"

"Ni maharage, Mheshimiwa."

"Hayo unasema wewe." Akasimama, maana hotuba hazikumjia akiwa ameketi. "Mwananchi akifunika, serikali hufunua! Huo ndio msingi wa utawala bora! Leo tukiliacha kapu moja, kesho kila mtu atataka kuachwa. Taifa zima likiachwa, sisi tutakwenda wapi?"

"Nyumbani," alisema Sikudhani.

Mheshimiwa hakusikia, au alisikia akaona si swali la bajeti ya mwaka huu. Akampa cheti kikubwa chenye fremu. Tulipofika mlangoni Sikudhani aliniuliza kwa sauti ya chini kama fremu ile ni ya mbao kweli. Nikamwambia ni ya mninga.

"Itawaka," akasema, akaenda zake.

*

Siku ya Kitaifa ya Kubana Matumizi ikapangwa kufanyika mbele ya nyumba yake. Mgeni rasmi alikuwa Mtukufu Baba wa Akiba mwenyewe, mkuu wa nchi. Yalikuja magari sitini na mawili, na injini hazikuzimwa ili viyoyozi visipoteze ubaridi. Yakaja mahema, zulia, na bendi mbili, ya pili ikiwa ya tahadhari. Ratiba ilisema saa tano kamili Mtukufu atakula kijiko kimoja cha maharage ya kapuni hadharani, kisha Bibi Tunu atakula cha pili kwa niaba ya wazee wote nchini.

Sikudhani aliliweka kapu alfajiri kama kawaida, akatuangalia mmoja mmoja. Mimi nilipewa daftari la kuandika wanaofunua. Walifunua watu wa usalama, mara tatu, kwa sababu zilikuwa idara tatu zisizoaminiana. Wakafunua watu wa itifaki. Akafunua mpiga picha, kisha akafunua tena, maana mara ya kwanza alisahau kuitoa kamera yake kwenye mfuko. Kufika saa nne na nusu nilikuwa na majina kumi na sita.

Wa kumi na saba ni mimi. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimesimama peke yangu na kapu, nina kitambulisho shingoni, nikafunua. Nikaona maharage. Nikafunika. Mpaka leo nikikumbuka naona haya, kwa sababu Bibi Tunu alikuwa ameketi pale pale ananitazama, na safari hii hakuuliza kama kwetu hakuna maharage.

Saa ilipofika Mtukufu alipokea kijiko, akakitia mdomoni, akauma. Kipaza sauti kilikuwa karibu. Redioni taifa zima likasikia kitu kinavunjika, na haijatangazwa hadi leo kama lilikuwa harage au jino. Uso wa Mtukufu uliondoka kidogo, kisha ukarudi.

"Yameiva," akasema.

Makofi yakapigwa. Sahani zikapitishwa kwa mawaziri, nao wakatafuna huku macho yakiwatoka machozi ya uzalendo, na bendi zote mbili zikaamriwa kupiga kwa pamoja ili kutafuna kusisikike. Kisha ikafika zamu ya Bibi Tunu. Bendi zikanyamaza kwa heshima ya wazee. Bi kizee akalizungusha harage upande huu, akalizungusha upande ule, akalitema kiganjani, akaliinua juu kila mtu alione.

"Baba," akamwambia Mtukufu kwa upole, na kipaza sauti kikalichukua neno lake mpaka mikoani, "wamekudanganya. Haya mabichi."

Palikuwa kimya, ukiacha injini sitini na mbili. Mtukufu akatabasamu, akapunga mkono, akaingia garini, na magari yote sitini na mawili yakaondoka na mgeni rasmi mmoja.

*

Mheshimiwa Mabawa aliamuru mtu akamatwe. Bi kizee hakukamatika, kwa sababu alikula kwa niaba ya wazee wote, na kumkamata yeye ingebidi wakamatwe wote. Basi akakamatwa Sikudhani, kwa kosa la kuyaachia maharage yakaidi kauli ya Mtukufu. Aliyetumwa ni Afande Mbega, polisi mnene mwenye huzuni, ambaye duniani hapa hakuamini kitu isipokuwa vielelezo. Mwaka uliotangulia mbuzi aliyekuwa kielelezo aliliwa kituoni kabla ya kesi, na Afande akakosa cheo.

"Sufuria hii ni kielelezo," alisema. "Haiguswi na mtu."

"Sawa, afande," alisema Sikudhani. "Ila kielelezo si lazima kifike mahakamani kama kilivyokuwa nilipotenda kosa?"

"Lazima. Sheria ndivyo inavyosema."

"Mimi kosa nimelitenda alfajiri, nilipoiweka kapuni. Alfajiri ilikuwa inatokota. Sasa hii imepoa. Hakimu akiuliza nani kaipoza, utasemaje?"

Afande alifikiri. Nilimwona kabisa anamfikiria yule mbuzi.

"Itokote," akaamuru.

Sikudhani akawasha jiko. Fremu ya cheti ilishika moto mara moja, mninga mzuri ule. Dakika ishirini akafunika sufuria, akaitumbukiza kapuni, akafungia blanketi, akaweka mto. Afande akalizungushia kapu kamba, akafunga fundo, akayeyushia juu yake lakiri nyekundu na kuigonga muhuri wa dola.

"Atakayefunua," akatutangazia, akianzia kwa Waziri, "miaka saba."

Tukarudi nyuma hatua moja. Niliwaona kwa macho yangu maafisa wakubwa wakitia mikono mifukoni. Kapu likapandishwa kwenye mkokoteni, likapelekwa mahakamani taratibu, na askari wawili wakalisindikiza.

*

Saa sita mchana mwendesha mashtaka alisimama kusoma shtaka. Lilikuwa na dibaji, historia ya maharage tangu uhuru, na shukrani kwa wafadhili. Alisoma mpaka saa kumi. Muda wote huo kapu lilikaa mezani mbele ya macho yetu na hakuna aliyeligusa, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika nchi ile kitu cha mwananchi kuachwa saa nne mfululizo bila serikali kukishika. Sikudhani kizimbani hakuwa anamsikiliza mwendesha mashtaka. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Bibi Tunu alikuwa benchi la mbele, amefumba macho, hajala tangu jana.

Hakimu alikuwa Bwana Sozi, mtu mwoga ambaye siku ile alikuwa na njaa pia. Akaamuru kielelezo kifunuliwe. Afande akakata lakiri, akaondoa mto, akafunua sufuria. Mvuke ukapanda. Harufu ikatembea benchi kwa benchi, na mwendesha mashtaka akasahau ukurasa aliokuwepo. Hakimu alionja kijiko kimoja ili ajiridhishe. Akaonja cha pili kwa ajili ya kumbukumbu za mahakama. Kisha akamwita shahidi asiye na meno.

Bibi Tunu akapewa bakuli. Safari hii hakuzungusha wala hakutema. Alikula lote, polepole, mahakama nzima ikimsubiri, na Sikudhani akalia pale kizimbani bila kujificha. Na mimi nililia, ingawa nilikuwa nimeketi upande wa mashtaka.

"Shahidi," aliuliza hakimu, "yameiva?"

"Wewe si umekula vijiko viwili?" alisema Bibi Tunu. "Niongezee kidogo, mwanangu."

Hakimu akajifuta mdomo, akatafakari. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na wetu alikuwa na mbawa mbili za kukimbiza: ukweli uliokuwa sufuriani, na Mtukufu aliyekuwa ikulu.

"Mtukufu alitamka saa tano kwamba maharage yameiva," akasema. "Hilo halina ubishi. Maharage yenyewe yameiva saa kumi. Mahakama inaona kwamba asubuhi yaliiva kwa kauli na alasiri yakaiva kwa utekelezaji, na ucheleweshaji wa namna hiyo ni wa kawaida serikalini. Bibi hakusema uongo. Taarifa ilikuwa haijafika sufuriani. Mshtakiwa aachiwe huru."

Waziri akaruka. "Tunakata rufaa!"

"Ni haki yenu," alisema hakimu, na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kama uoga wake ulikuwa uoga kweli. "Kwa kuwa kuna rufaa, kapu litabaki kielelezo. Litatunzwa nyumbani kwa mama huyu, chini ya lakiri, katika hali ile ile ya kutokota ya kila alfajiri. Mtu yeyote wa serikali asilifunue. Atafunua shahidi asiye na meno peke yake, na atakikagua kielelezo kila siku saa sita mchana, kwa mdomo."

*

Rufaa haijasikilizwa. Faili lake liko kwangu, na kila likiulizwa huwa limekwenda kutiwa sahihi. Afande Mbega hupita kila alfajiri kufunga kamba na kugonga muhuri, na wiki iliyopita alipandishwa cheo kwa kutopoteza kielelezo. Wanawake wa mtaa ule walipoona hivyo walibeba makapu yao wakapanga foleni kituoni wakiomba nao washtakiwe. Sasa mtaa mzima una kesi, na gunia la mkaa linakaa miezi mitano kila nyumba.

Wizara ikashangaa. Matumizi yameshuka mahali pekee nchini ambapo hakuna mkaguzi hata mmoja anayefunua kitu. Nikatumwa mimi nikachunguze sababu.

Nilifika saa tano na robo. Bibi Tunu alikuwa mkekani, kanga inamzunguka mara moja tu, mashavu yamerudi. Kapu lilikuwa mbele yake na lakiri yake nyekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si yule wa kumi na saba?"

"Ndiye mimi, bibi. Nisamehe."

Alinitazama kitambulisho, kisha akanitazama usoni. Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuelekea kwenye fundo, wenyewe, kwa mazoea ya kazi.

"Kaa chini," akaniambia. "Na hiyo mikono ikalie. Saa sita bado."

Nikakaa mkekani, nikaikalia mikono yangu yote miwili, robo tatu nzima ya saa. Katika miaka ishirini na miwili ya utumishi sijafanya kazi ngumu kama ile. Saa sita ilipogonga Bibi Tunu akakata fundo, akapakua mabakuli mawili, moja akanisogezea. Yalikuwa laini hata meno sikuyahitaji.

Jioni niliandika taarifa yangu kwa Wizara. Ilikuwa ya mstari mmoja: "Nilifika, sikufunua, nikala." Mheshimiwa Mabawa amenirudishia, anataka niongeze kurasa mia nne na kumi. Sijaongeza hata moja.